Chumba Changu na Bastola ya Mama Mkwe

Mara ya mwisho mliniacha nimelala kifudifudi chini ya meza yangu ya kazi, shavu kwenye zulia, natafuta ganda la risasi lililoniponyoka. Mbele ya pua yangu zilikuwa zimesimama ndala mbili za manyoya, rangi ya waridi.

Ndala hizo ni za mama mkwe wangu, Idella Brekke. Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni Arden Kvale, fundi mstaafu wa mashine za kuvunia ngano, hapa hapa Fennick, Montana, mume wa Marlys. Mama yake Marlys aliuza shamba lake theluji ilipoyeyuka, akaja kukaa kwetu "kwa muda." Mpaka sasa muda huo umemeza kiti changu cha mbele ya televisheni, nafasi yangu ya kuegesha gari, na mbwa wangu, ambaye siku hizi nikimwita ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi.

Nilikuwa nimebakiwa na chumba kimoja tu. Chumba changu cha kujazia risasi, yaani kutia baruti na vichwa vipya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa.

"Mkwe," sauti ikatoka juu ya ndala, "inuka nikwambie. Mimi chumba hiki nimekipenda."

Nikajigonga kichwa kwenye meza. Hapo ndipo tulipoachana.

Nikatoka chini ya meza nikiwa nimeshika utosi.

"Mama, umekipendea nini? Kinanuka baruti na mafuta ya mashine."

"Marehemu mume wangu alinuka hivyo hivyo, nikalala naye mpaka Mungu alipomwita. Chumba kina jua la asubuhi na hakina ngazi. Huko juu mlikoniweka na cherehani, goti langu linalia kila nikipanda."

Kusema kweli, hoja ya goti ilikuwa na uzito. Ndiyo maana niliichukia.

"Na mashine yangu niipeleke wapi? Na mizani?"

"Kwani banda la kuku limeungua?"

Nikamwita mke wangu aje anitetee. Marlys akaja, mikono imejaa unga, akatutazama kwa zamu.

"Mimi simo," akasema. "Mmoja kanizaa, mwingine kanioa. Malizaneni wenyewe."

Akarudi jikoni. Mbwa akamfuata.

Hapo mama mkwe akafungua mkoba wake akatoa kidude chake. Ni bastola ya mfukoni, ndogo, inajificha kwenye kiganja, mpini wake wa lulu umeshachakaa. Alitembea nacho miaka yote aliyokuwa akipeleka barua mashambani. Hapa Fennick viko viwili tu vya namna ile: hicho, na kingine cha Lyle Tollefson, mwenyekiti wa klabu yetu ya shabaha. Mume wa Idella na baba yake Lyle walivinunua siku moja, duka moja, wakiwa wamelewa pamoja.

"Risasi zake dukani siku hizi huzioni," akasema. "Nijazie wewe. Kesho kutwa ni pikiniki ya Julai Nne, na kuna shindano la bastola za mfukoni. Zikilia zote, nitapanda ngazi na goti langu na hutanisikia tena. Ikigoma hata moja, wewe na mashine yako mnahamia kwa kuku."

"Zote zitalia, mama."

"Na usije ukanisimamisha katikati kwa visingizio. Ukinisimamisha, umeshindwa."

Tukapeana mikono. Mkono wa ajuza yule una nguvu za mkamua ng'ombe.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu risasi za kidude kama kile. Mtu anayejaza risasi za kuwindia paa anaheshimiwa hapa. Anayejaza hizi ndogo anaulizwa kama nyumbani kwake panya wamezidi. Vidole vyangu vimezoea spana, sio kibano. Ganda likiruka, limeingia kwenye zulia, na likiingia kwenye zulia, Marlys kesho yake analifyonza na mashine ya vumbi, nami nabaki napekua mfuko wa vumbi kama kichaa. Baruti yenyewe ni chembe chache sana. Ukihema vibaya imekwenda.

Kwa hiyo kazi hii ina kanuni. Mtu mwenye baruti mkononi hasemeshwi. Mimi hutundika kofia nyekundu kwenye kitasa cha mlango. Nyumba ikishika moto kofia ikiwa pale, Marlys anajua kuwa azime kwanza, kisha anieleze wakati wa chakula.

Na ikitokea umesemeshwa, kuna kanuni ya pili: unamwaga vyote na kuanza upya. Kumwaga hakuna aibu. Maneno hayo nawafundisha wanachama wapya wa klabu kila mwaka, kwa sauti ya juu, nikiwa nimeinua kidole.

Kesho yake mchana nikatundika kofia, nikaketi. Fataki, zile za kuwashia baruti, nilishazipachika kwenye vitako vya maganda. Kazi ikashika mwendo mzuri: kibano, ganda, baruti, kichwa cha risasi, vuta mkono wa mashine, tupa kwenye bakuli. Nilikuwa hata napiga mluzi.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia na kikombe cha kahawa na lefse mbili, zile chapati zetu za viazi, zimepakwa siagi na sukari. Kichwani alikuwa amevaa kofia yangu nyekundu.

"Mama, hiyo kofia..."

"Imenikaa, eh? Endelea na kazi yako, mkwe, mimi sikusumbui. Nilikuwa nauliza tu: Marlys alishakwambia kwa nini alimkataa Lyle?"

Mkono wangu ulikuwa na kijiko cha baruti. Ningenyamaza. Mwanaume mwenye akili zake angenyamaza.

"Lyle Tollefson alimposa Marlys?"

"Mara ngapi sasa! Kijana mrefu, anaimba kanisani, na nywele zake anazo mpaka leo." Akatazama kichwa changu kwa huruma. "Lakini anakula kwa kelele. Marlys alisema hawezi kusikiliza zile kelele mpaka uzeeni."

"Kwa hiyo mimi nilichaguliwa kwa sababu ya kutafuna vizuri?"

"Wewe ulichaguliwa kwa sababu wiki ile Lyle alikuwa amekwenda Billings."

Akaweka kahawa, akaniachia kofia juu ya mashine, akatoka zake akivuta ndala. 

Kisha nikatazama mikono yangu. Mikono haikuwa imesimama. Wakati moyo wangu uko Billings, yenyewe ilikuwa imeendelea na kazi, na kwenye bakuli mlikuwa na risasi mpya ambazo sikukumbuka kuzitengeneza. Zilikuwa zimeshachanganyika na zile za kwanza.

Ama moja niliiruka bila baruti, ama moja niliijaza mara mbili, ama zote zilikuwa sawa na mimi ni mzee mwoga.

Isiyo na baruti ni mbaya kwa ujanja wake. Fataki peke yake inakisukuma kichwa cha risasi mpaka katikati ya mtutu, kinakwama pale. Ukituma kingine nyuma yake, vinakutana, mtutu unapasuka. Na iliyojazwa mara mbili, ndani ya kidude chembamba vile, inapasukia mkononi.

Kanuni ilikuwa wazi: fungua zote, mwaga, anza upya. Lakini risasi iliyokwisha kufungwa haimwagwi kwa kupinduliwa. Inang'olewa kwa nyundo maalumu, unaitia ndani, unagonga sakafuni mpaka kichwa kinachomoka. Na hivi vichwa vyepesi havichomoki kwa pigo moja wala mawili. Nyumba nzima ingenisikia. Ajuza angejua ameniweza.

Kumwaga hakuna aibu, ila mama mkwe akiwa sebuleni.

Basi nikafanya ujinga wa kwanza: nikazipima kwenye mizani. Nikasema, isiyo na baruti itakuwa nyepesi, yenye mbili itakuwa nzito, nitazikamata zote mbili nikiwa nimekaa. Nikapima ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna iliyofanana na mwenzake! Maganda yangu nimeyaokota uwanjani miaka na miaka, ya viwanda mbalimbali, hili nene, hili jembamba. Baruti ya risasi hizi ni kidogo mno hata tofauti ya maganda inaimeza. Mwanachama mpya angeniletea wazo hilo ningemcheka mpaka achome kadi yake.

Ujinga wa pili: masikio. Ukiitikisa risasi ndogo karibu na sikio, unasikia chembe zikicheza ndani. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote kando ya injini, kwa hiyo nasikia upepo tu. Nikamnyatia Marlys jikoni na bakuli langu.

"Nisikilizie hizi."

"Arden, nina pai kwenye oveni."

"Dakika moja, mke wangu. Usimwambie mama."

Aliposikia "usimwambie mama" macho yakamng'aa. Akajifuta unga, akaanza kutikisa.

"Hii naisikia. Hii naisikia. Hii nayo... eh, naisikia." Akafika katikati ya bakuli, akatikisa moja, akaitikisa tena, akaibadilishia sikio. "Hii kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kama wewe ukiulizwa nani kamaliza maziwa."

Nikambusu kwenye paji la uso. Nikaitia ile kimya kwenye mfuko wa shati.

"Tumempata mwizi," nikamwambia.

"Kwa hiyo zilizobaki ni salama?"

"Salama kabisa."

Nikazitia kwenye kisanduku cha bati, cha kijani, mezani kwangu, nikachukua nyundo, nikaenda na mwizi wangu kwenye banda la kuku ili nimfungue kwa raha zangu, mbali na masikio ya watu.

Pigo la kwanza kuku wakashtuka. Pigo la pili jogoo akaruka dirishani. Kichwa kilipochomoka, kuku wote walikuwa wameshatoka kwa mlango niliousahau wazi, wanakimbilia bustani ya jirani. Lakini mimi sikuwatazama. Nilikuwa natazama kiganja changu.

Ganda lilikuwa na baruti. Kipimo kamili, imeshikamana tu kwa unyevu wa vidole vyangu, ndiyo maana haikucheza.

Mwizi hakuwa mwizi. Mwizi wa kweli alikuwa bado kisandukuni.

Nilihangaika na kuku wale mpaka jua likaanza kulala. Niliporudi ndani, nimechanika suruali, nimekata shauri kufungua risasi zote hata dunia nzima isikie, nikamkuta mama mkwe chumbani kwangu. Anapima dirisha kwa futi ya kushonea.

"Mapazia," akasema bila kugeuka. "Unaonaje, yenye maua au yenye mistari?"

Mkono wa mashine yangu ulikuwa umeshushwa chini. Mimi huuacha juu siku zote. Niliona, lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anaona vitu bila kuviuliza.

"Umekuja kuhamisha vyombo, mkwe? Nikupishe?"

"Nimekuja kuchukua miwani."

"Umeivaa."

Nikatoka. Kumwambia ukweli kulinishinda. Nikajiambia, kesho asubuhi, nikishawalisha kuku, nitazifungua zote.

Kesho yake asubuhi nikarudi kutoka kwa kuku, kisanduku hakipo. Mama mkwe hayupo. Marlys hayupo. Gari la Marlys halipo. Wameshatangulia pikiniki, na mbwa wameenda naye.

Niliendesha lile pikapu langu kuukuu kama niliyeiba. Nilipofika uwanjani watu wameshajaa, saladi za viazi zimepangwa mezani, bendera za sikukuu ya uhuru zinapepea. Uwanja wetu umegawanywa na tuta refu la udongo: upande huu wanapiga wazee na wageni, upande wa pili wanawake. Lyle Tollefson, msimamizi wa pande zote mbili, alikuwa upande huu na filimbi yake shingoni na nywele zake kichwani.

"Arden! Umechelewa, bwana. Mama yako mkwe ndiye huyu anaanza."

"Lyle, ngoja kwanza..."

Filimbi ikalia.

Mama Idella alikuwa ameketi kwenye kigoda, vizibo vya masikio juu ya kitambaa chake cha kichwa, kidude mkononi. Mbele yake zilibandikwa karata. Nilijipenyeza mpaka nikasimama nyuma ya bega lake. 

Risasi ya kwanza ikalia vizuri. Karata ya malkia ikatoboka.

Ya pili ikalia vizuri. Watu wakapiga makofi.

Ya tatu haikulia. Ilitoa mkoromo mdogo, pfu, kama paka aliyekanyagwa mkia usingizini. Karata haikutikisika.

Mama mkwe akakitazama kidude chake. Akaweka vidole kwenye chuma cha juu akivute, aingize nyingine.

Nataka mnielewe vizuri, wasomaji wangu, na mnihukumu mkitaka. Kwa muda mfupi sana sikusema kitu. Nililiona dirisha langu na jua lake la asubuhi. Niliiona meza niliyoichonga mwenyewe, na kuku wamekaa juu ya mizani yangu. Nikimsimamisha, nimeshindwa. Na pengine mtutu uko wazi. Pengine kile kichwa kilitoka, kikapita pembeni ya karata, nani ajuaye?

Kisha nikauona mkono wake. Mkono mdogo wenye madoa ya uzee, uliozungushia kile kidude vidole.

"Acha!" Nilipiga kelele iliyokimbiza kunguru. "Mama, acha! Usipige!"

 Mama mkwe akashusha vizibo vya masikio shingoni taratibu.

"Umesemaje, mkwe? Watu hawajakusikia."

"Nimesema usipige. Mtutu umeziba. Risasi nilizokujazia sina hakika nazo."

"Huna hakika kivipi?" Lyle akauliza, naye sauti anayo.

Nikasema yote. Kwamba nilisemeshwa nikiwa na baruti mkononi. Kwamba sikumwaga. Nilisema mbele ya wanachama niliowafundisha mimi mwenyewe kwa kidole changu hiki. Mmoja wao alianza kucheka, mke wake akamkanyaga mguu. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia hata suruali iliponichanikia kanisani.

Lyle akakichukua kidude, akakitoa risasi zilizobaki, akaingiza kijiti cha chuma kwenye mtutu. Kikagota katikati. Akagonga kidogo, kichwa kikadondoka kwenye kiganja chake.

"Kiko," akasema. "Angepiga nyingine, Arden..."

Hakumalizia. Hakuna aliyetaka amalizie.

Mama mkwe akaichukua ile risasi iliyokwama, akaigeuzageuza kwenye jua. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Nikapiga magoti kando ya kigoda chake.

"Nisamehe, mama. Chumba ni chako. Leo hii nahamia kwa kuku."

"Ondoka hapa, mkwe, unanichekesha," akasema akijifuta machozi, na kweli alikuwa anacheka. "Hii sio yako."

"Sio yangu?"

"Hii ni kazi yangu. Unafikiri marehemu ndiye aliyekuwa akijaza risasi nyumbani kwetu? Yule na mikono yake ile? Jana ulipokuwa unafukuzana na kuku, nilikaa kwenye mashine yako nikajijazia zangu. Mashine nzuri, ila mkono wake unataka mafuta."

Nikaukumbuka mkono ule ulioshushwa chini.

"Niliwasikia mnanong'ona jikoni. Mimi nipige risasi za mwanaume anayeacha baruti ikaenda Billings? Nina kichaa?"

"Lakini hii ya tatu imekwama, mama."

"Ya tatu niliiacha bila baruti makusudi." Akaacha kucheka, akanitazama usoni. "Nilitaka kujua, mkwe. Nimekuja kuzeekea kwako. Nilitaka kujua kama chumba ni kitamu kuliko mkono wangu."

"Na ungevuta? Ungepiga nyingine?"

"Ningevuta polepole mpaka Jumapili. Nilikuwa nakungoja wewe tu. Ulichelewa kidogo, hilo nimeliona. Lakini ulisema."

Lyle akapandisha sauti. "Idella, kufanya vile kwenye uwanja wangu ni kosa kubwa!"

"Lyle, nimekubadilisha nepi kwenye benchi la kanisa. Kaa kimya." Akanigeukia tena. "Chumba baki nacho. Goti langu na mimi tutapatana na ngazi."

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nilimkumbatia ajuza yule mpaka kitambaa kikamvuka. Watu wakapiga makofi, mtu akanipa sahani ya pai. Nilimwambia hapana, chumba tutagawana, asubuhi akae yeye na jua lake, mchana mimi na mashine yangu, na nilikuwa namaanisha kila neno. Mbwa wangu akaja akanilamba mkono. Mwenyewe, bila kuitwa.

Ilikuwa Julai Nne nzuri kuliko zote.

Nikiwa na pai mdomoni nikauliza, kwa kuuliza tu:

"Na zile zangu, mama, ulizitupa wapi?"

"Nizitupe vitu vya watu? Niliziacha mezani kwenye kisanduku chake."

"Asubuhi kisanduku hakikuwepo."

"Basi mimi sikukichukua. Zangu zilikuwa kwenye mkoba."

Tukatazamana. Aliyejibu alikuwa Lyle, tena kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema.

"Kisanduku cha bati, cha kijani? Anacho Marlys! Leo naye anapiga na wanawake. Nimemwazima kidude changu, kinafanana na hiki. Nikamwambia sina risasi zake, akasema usijali, anazo za nyumbani, Arden mwenyewe kazikagua."

Pai ikanidondoka.

Kwa sababu ni kweli, nilizikagua. Mimi ndiye niliyemwambia tumempata mwizi. Aliniuliza kwa kinywa chake, zilizobaki ni salama, na nikamjibu salama kabisa, na niliporudi kutoka kwa kuku nikijua ya kuwa si kweli, sikufungua mdomo.

"Nani anawasimamia wale?" mama mkwe akauliza. Sasa hakuwa na mzaha wowote usoni.

Lyle akaishika filimbi yake. Alikuwa amebaki upande huu kushughulika na aibu yangu, na wanawake wa Fennick hawajawahi kumngoja mwanaume ili waanze.

Ng'ambo ya tuta ikalia risasi. Nyembamba, kali, ya kidude kidogo.

Nilianza kukimbia. Sijakimbia hivyo tangu nilipokuwa kijana. Ikalia ya pili. Nilikuwa nusu ya tuta, natambaa kwa mikono, udongo unaporomoka chini ya viatu, nyuma yangu mama mkwe ananipigia kelele, "Kimbia, mwanangu! Kimbia!" Hajawahi kuniita mwanangu.

Nikafika juu. Nikamwona Marlys wangu amesimama mstarini kwenye gauni lake la maua, mgongo kwangu, vizibo vikubwa vya Lyle vimemfunika masikio yote mawili.

Mkono wake ukaruka kidogo, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtu anayepiga chafya ndani ya leso.

Nikamwita kwa jina lake. Nikamwita tena. Nikapiga kelele kwamba chumba nimekitoa, chukueni, wekeni mapazia ya maua, lakini mnyang'anyeni kile kidude.

Marlys akakitazama, akatingisha kichwa kama anavyotingisha mashine ya vumbi ikigoma, akakivuta chuma cha juu kwa nguvu, na akainua mkono tena.